Vina vya Kiingereza kwa neno adimu: RhymeZone, Wiktionary au kamusi ya CMU?

Kalamu_Nyeusi
Mshororo umeishia na "skein": kitita cha uzi uliozungushwa, au kundi la mabata bukini wakiruka. Vinatakiwa vina vyake pamoja na maana. Kati ya hizo tatu, ipi inafaa?

Fonimu
Kwanza sauti, tahajia baadaye. "Skein" inalandana na "rain". Ukisaka maneno yanayoishia na -ein utapata "vein" na "rein", sawa, lakini yataingia pia "stein", yenye sauti ya "line", na "protein", yenye sauti ya "seen". Halafu utakosa "lane", "reign" na "feign".

Mimi naipa Wiktionary, kamusi huria ya mtandaoni, kura. Fungua ukurasa wa neno, soma IPA (alama za matamshi), chukua kuanzia irabu yenye mkazo hadi mwisho (eɪn), kisha tafuta Rhymes:English/eɪn. Orodha imepangwa kwa idadi ya silabi, na ukibofya neno unafika kwenye maana yake.

mwana_tarbia
RhymeZone, tovuti ya kutafuta vina, ni ya haraka zaidi, andika tu na ubofye. Kero yake ni majina ya watu na mahali yanayojaa katikati ya maneno ya kawaida.

UziWaSita
CMU, kamusi ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ina maneno zaidi ya 134,000, ila haitoi maana hata moja. Ni faili la matamshi: "rain" imeandikwa R EY1 N, na tarakimu 1 ni mkazo mkuu. Unatafuta mistari inayoishia EY1 N. Neno lako lisipokuwemo, tafuta kwa neno jingine lenye sauti hiyohiyo. Kumbuka ni matamshi ya Marekani: "dawn" na "horn" ni vina kwa Mwingereza wa London, CMU haitakupa.

Ukitaka vina na maana kwa mkupuo mmoja, weka anwani hii ya Datamuse, huduma ya kutafuta maneno, kwenye kivinjari: api.datamuse.com/words?rel_rhy=skein&md=d

Fonimu
Hiyo md=d ndiyo inayoleta maana. Lakini usiokote kila kitu. "Wane" ni kupungua, kama mwezi, na inakaa vizuri na mabata wanaotokomea. "Bane" ni chanzo cha maangamizi. "Feign" ni kujifanya. "Fane" ni hekalu, neno la kale mno. "Deign", kukubali jambo huku unajiona umejishusha, kwa kawaida hufuatwa na kitenzi kingine, kwa hiyo kuiweka mwishoni mwa mshororo ni kujitafutia taabu.

Tena, waliozoea tarbia hunasa hapa: kwetu silabi ya mwisho ikirudiwa, kina kimetimia. Kiingereza kinataka konsonanti iliyo kabla ya irabu yenye mkazo ibadilike. "Vain", "vein" na "vane" ni sauti moja, usizipange zenyewe kwa zenyewe. Na "mountain" haimo kabisa, mkazo wake uko mwanzoni.

Kalamu_Nyeusi
Na yale yanayosemwa hayana vina, kama "silver"?

UziWaSita
Lipo "chilver", mwanakondoo jike. "Purple" ina "hirple", kuchechemea, neno la Kiskoti. "Orange" ina Blorenge, kilima cha Wales. Nani atayaelewa bila tanbihi? "Month" ndiyo ngumu kweli. Hapo chukua vina vya karibu vya RhymeZone, au sogeza neno katikati ya mshororo.