Breki zinadunda nikishuka Kitonga, naomba ushauri

Habarini wakuu. Niko Iringa, gari dogo la otomatiki. Nikishuka mlima Kitonga, hata kwa gia ndogo, nikikanyaga breki pedeli inadunda mguuni na usukani unatetemeka. Nikiachia linatulia kabisa, kwa hiyo balansi ya tairi siishuku sana. Fundi alichonga diski za mbele, akaweka pedi mpya. Ikawa shwari, kisha tatizo likarudi. Pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) zinateleza vizuri. Diski ya kushoto ina mabaka ya bluu, na nyuma yake habu (kitovu cha gurudumu, diski inapokaa) ina kutu ambayo fundi hakuigusa.

Je, ninunue diski mpya moja kwa moja, au nisafishe habu kwanza na kupima kama diski inayumba? Na nati za tairi zikikazwa bila mpangilio zinaweza kuleta haya?