Suzuki acheni kutuuzia buluu ya timu mliyoiua wenyewe

Wakuu, hili limenikaa rohoni tangu 2022 na leo nalitoa.

Kila mtu akianza kuisifia Suzuki GSX-S125, ile pikipiki nyepesi ya barabarani isiyo na makava, kilo 133 tu, la kwanza kumtoka mdomoni ni "damu ya MotoGP", yaani mbio za daraja la juu kabisa la pikipiki duniani. Halafu anaonyesha rangi ya tangi, ile buluu ya timu ya Suzuki. Damu ipi jamani? Mei 2022 Suzuki walitangaza wanajitoa MotoGP, na mkataba wao na Dorna, waendeshaji wa mbio hizo, ulikuwa unakwenda hadi 2026! Eti hali ya uchumi, eti wanahamishia nguvu kwenye mambo ya mazingira. Miaka miwili kabla ya hapo dereva wao Joan Mir alikuwa amewaletea ubingwa wa dunia, wa kwanza tangu Kenny Roberts Jr. mwaka 2000. Watu tumesubiri miaka 20, tumefurahi, wao wanafunga duka. Na asije mtu hapa kusema pikipiki ilikuwa imechoka. Msimu huohuo mwenzake Mir, Alex Rins, alishinda Phillip Island kule Australia, akaenda kushinda na Valencia, mbio ya mwisho kabisa ya timu ile. Unaizikaje mashine inayoshinda?

Na wana tabia hiyo. Waliondoka mwisho wa 2011, wakarudi 2015, wakaondoka tena.

Kinachonikera kuliko vyote ni kwamba GSX-S125 haihitaji kuazima sifa za pikipiki kubwa. Suzuki walijengwa na injini ndogo! Walikwenda mbio za TT za kisiwa cha Isle of Man 1960 na pikipiki za cc 125, wakachapwa vibaya. Mwaka uliofuata dereva Ernst Degner akatoroka Ujerumani Mashariki na ujuzi wote wa injini za MZ, kampuni ya pikipiki ya huko, kichwani, na 1962 akawapa ubingwa wa dunia wa cc 50. 1963 Mitsuo Itoh akawa Mjapani wa kwanza kushinda TT, kwa cc 50 hiyohiyo, na Hugh Anderson akabeba mataji mawili msimu mmoja, cc 50 na cc 125. Barry Sheene na Kevin Schwantz, mabingwa wao wa pikipiki kubwa za baadaye, nawaheshimu sana, lakini hao walikuja nyumba imeshasimama. Ni lini umesikia muuzaji akimtaja Anderson?

Ukiitazama injini yenyewe utaelewa ninachosema. Silinda moja, pistoni ya milimita 62 inayosafiri milimita 41.2 tu, yaani pana na fupi, imeumbwa kuzunguka kwa kasi. Nguvu zake zote, farasi 15, ziko kwenye mizunguko 10,000 kwa dakika. Huko chini imepoa, unaweza kudhani ni ya kwendea sokoni. Ukiikaza sauti inabadilika, inakuwa kali, na unajikuta unacheza na gia sita mfululizo ili isishuke. Hizo farasi 15 si uvivu wa mafundi, leseni ya A1 kule Ulaya, ile ya pikipiki ndogo, hairuhusu zaidi ya kilowati 11. Ndani ya kikomo hicho wametoa injini inayoendeshwa kwa akili na mkono, kama zile za kina Anderson zilivyotaka. Huo ndio urithi, uko ndani ya chuma, lakini sisi tunauziwa rangi.

Tena Moto3, daraja dogo la mbio za dunia, ilipoanza 2012, silinda moja, cc 250, nikasema hapa sasa ni kwao. Hawakutia mguu! Kampuni iliyopata jina lake kwenye madaraja madogo ikawaachia kina Honda na KTM uwanja, na yenyewe ikabaki na stika.

Kwa hiyo wanaotetea uamuzi wa 2022 nawataka hapa, mnieleze kwa hoja: kama mbio ni gharama isiyo na faida, kwa nini bado mnataka buluu yake iwauzie pikipiki?