Mnaoishi vijijini Uingereza: tupeane uzoefu wa kujitolea kijijini

Mwanatanga:
Jamani habari zenu. Jana nimekuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa ukumbi wetu wa kijiji, mweka hazina anaachia ngazi, umri umeenda, na asipopatikana mtu kwenye mkutano mkuu wa mwaka basi kamati inavunjika na ukumbi unafungwa. Usingizi sijapata. Ukihamia huku ukitokea London unaona ukumbi upo, maua yamepandwa pale kona, kuna duka, kuna gari la kupeleka wazee hospitali, unadhani serikali hiyo. Kumbe ni watu wamejitolea, tena wengi wao wana miaka sabini huko. Hebu mliopo vijijini semeni mliingiaje.

Mimi kilichonitoa uoga ni nazi. Ilikuwa sherehe ya kijiji ya kiangazi, mahema uwanja mzima, keki, mbwa wanashindanishwa, halafu pembeni nakuta nazi zimepangwa juu ya vigingi watu wanazilenga kwa mipira, ukiidondosha ni yako. Mtoto wa Tanga nikasimama. Watoto wanashinda nazi zao wanazitikisa sikioni basi, baba mmoja anaigongesha kwenye bampa ya Land Rover yake. Nikamuuliza una panga, hana, akaniletea nyundo. Nikaizungusha ile nazi kiganjani nagonga taratibu pale katikati mpaka ikaachia vipande viwili, maji nikakinga kwenye kikombe cha chai nikampa mwanawe. Foleni ikaanza hapo hapo! Nimepasua nazi mpaka jioni, na mama mmoja wa kamati akaandika jina langu kwenye daftari lake. Mwaka uliofuata nikaambiwa meza ya nazi ni yako, nikaenda na mbuzi yangu ya kukunia kabisa.

Kaka wa Eldoret:
Kweli tupu. Huku Shropshire watu wanakusalimia hali ya hewa tu mpaka siku utakapoonekana unamimina chai ukumbini. Hapo ndio wanajua jina lako.

Msema Kweli:
Mi sielewi. Mtu umetoka shifti ya usiku kwenye kea homu, miguu imevimba, halafu uende kuokota takataka barabarani bure? Kodi ya halmashauri si tunalipa kila mwezi? Wafanye wenyewe.

Dereva wa Shropshire:
Mkuu ile kodi kipande kinachobaki kijijini ni kidogo sana, kinakata nyasi, kinalipa karani wa baraza la kijiji na taa chache. Madiwani wenyewe wa baraza hilo kwa kawaida hawalipwi. Mimi naendesha wazee kwenda kliniki kwa gari langu, narudishiwa hela ya mafuta basi. Basi la kawaida kijijini kwetu linapita mara chache mno, mtu ana miadi ya macho mjini maili kumi na tano, aende kwa miguu? Na hao wazee ndio wamenifundisha hii nchi kuliko kitabu chochote, njiani tunaongea.

Msema Kweli:
Wana watoto wao.

Kaka wa Eldoret:
Watoto wako Manchester na Australia kaka. Kama wa kwetu tu walivyo Nairobi na wazazi wako kijijini.

Nesi wa Norfolk:
Sikutaka kuandika ila hiyo karatasi ya mlangoni imenirudisha mbali. Kwetu wakati wa baridi kila Jumatano mchana kuna supu ya wazee ukumbini, bure, mwenye nacho anatia chochote kwenye kopo, na mimi nikiwa ofu huwa nipo jikoni naosha vyombo. Siku hiyo mzee mmoja akaleta bakuli lake kwenye dirisha la jiko, akaniambia supu ya leo imekolea, nikanyoosha mkono nipokee na yeye akaenda chini, hakushika kifua wala hakulia, kama mtu aliyekatiwa umeme. Bakuli likapasuka sakafuni. Nilipomfikia haitiki, anakoroma mara moja moja na kunyamaza, na hapa naomba mnisikilize vizuri jamani, watu wakaanza kusema anapumua mlazeni ubavu, nikasema hapana, mkoromo ule sio kupumua, huo ni moyo umesimama. Nikapiga magoti nikaanza kubonyeza kifua.

Simu ukumbini hazishiki, mwenyekiti akakimbilia ukuta wa kanisa ndio laini ikapatikana, 999 wakampa namba za kufungulia kisanduku cha mashine ya kushtua moyo. Ya kwetu ipo kwenye kile kibanda chekundu cha simu cha zamani, maana kampuni ya simu ya BT tangu 2008 wanaviachia vijiji kwa pauni 1 na vijiji vingi vimeweka mashine humo. Mjukuu wa mtu akatumwa, mbio. Mi nabonyeza nahesabu kwa sauti, moja mbili tatu nne, kwa Kiswahili, ndicho kilichokuja, na bibi aliyepiga magoti upande wa pili akawa anaitikia hesabu zangu na hajui neno hata moja. Nikasikia ubavu umelia chini ya mkono. Sikuacha, ukiacha damu inasimama. Mashine ilipofika inaongea yenyewe, bandika hapa, bandika pale, kaeni mbali, sweta tumelichana kwa mkasi wa kukatia maua ya kanisani. Ikapiga. Nikaendelea kubonyeza. Akaingia mkulima wa jirani na begi lake, naye ni wa kujitolea, watu wa ambulensi wamemfundisha na wanamwita akiwa karibu, akanipokea mikono yangu inatetemeka, na ambulensi ilikuja baadaye. Mzee alitoka pale ana mapigo.

Sasa kinachoniuma nikisikia kazi ya bure kazi ya bure. Betri ile ilikuwa nzima kwa sababu kuna bibi kila Jumatatu, iwe mvua iwe theluji, anaenda na mkongojo wake kwenye kile kibanda, anaangalia taa ya kijani, anaandika tarehe kwenye daftari. Miaka. Hakuna aliyewahi kumwambia asante. Mzee alipona, na siku hizi anagombana na baraza la kijiji kuhusu mashimo ya barabara, na mimi namuitikia kila anachosema.

Mwanatanga:
Dada nimelia kwenye treni.

Bi Mkubwa Cumbria:
Mwenyezi Mungu akulipe. Hivi mtu ambaye hajasomea anaruhusiwa kugusa hiyo mashine?

Msomaji Tu:
Usiguse kabla ya kozi, ukimuua je?

Nesi wa Norfolk:
Msomaji acha kuwatisha watu. Mashine inapima yenyewe, kama moyo hauhitaji haipigi. Mtu aliyelala pale moyo umesimama, hutamzidishia. Piga 999, weka simu kwenye spika, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, wao wanakuongoza mpaka mwisho. Kozi nzuri ila usiisubiri.

Ummu Layla:
Mimi langu dogo. Walinipa meza ya tombola, ile ya kuchomoa tiketi inayoishia na 0 au 5 unapata zawadi, nafika nusu ya zawadi ni chupa za mvinyo. Nikamwambia mwenyekiti wetu kwa adabu dini yangu hairuhusu, akaomba radhi, saa hiyo hiyo nikahamishiwa meza ya vitabu. Semeni tu, wanasikia. Na sambusa ukipeleka andika kikadi kilichomo ndani, wao wana orodha ya vizio 14, ngano, mayai, ufuta na vinginevyo. Siku hizi Jumamosi nakata nyasi za makaburi ya kanisa.

Msomaji Tu:
Muislamu unakata nyasi za kanisa? Hapo dada umevuka.

Ummu Layla:
Ni makaburi. Wafu wa majirani zangu. Mume wangu yuko nami na mashine ya pili.

Bi Mkubwa Cumbria:
Tusiingie huko tafadhali, mwacheni dada wa watu.

Mjukuu wa Askari:
Ummu Layla mi nakuelewa. Kwetu Jumapili ya Kumbukumbu ya mwezi wa kumi na moja, ile ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, nilikuwa nabeba viti tu mnarani. Mzee mmoja akaniuliza kwenu kuna aliyepigana, nikamwambia babu yangu alikuwa KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alipelekwa Burma 1944. Akanyamaza, akaenda kuongea na wenzake. Mwaka uliofuata baada ya kimya cha saa tano asubuhi nikaitwa niweke shada, na jina la babu likasomwa kwa sauti pamoja na ya kwao. Nilimpigia mama saa hiyo hiyo nikiwa bado nimevaa lile ua jekundu la karatasi la siku hiyo.

Kaka wa Eldoret:
Hii nayo imenigusa. Mama lazima alilia.

Msema Kweli:
Sawa, ya nesi na ya huyu nakubali. Ila kwenye vikao vyao sisi hatuna kauli.

Dereva wa Shropshire:
Mna kauli. Ukitoka nchi ya Jumuiya ya Madola, na Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda zote zimo, ukiwa na kibali cha kuishi unajiandikisha na unapiga kura. Kugombea baraza la kijiji ndio mpaka uwe na ukaazi wa kudumu. Viti vingi havina wagombea, wanatafuta watu wa kuwateua tu. Mwanatanga, huo uweka hazina chukua, ila benki ziwe sahihi mbili na upewe vitabu kabla ya kusaini chochote.

Msomaji Tu:
Usichukue. Kuupata rahisi, kuuachia ndio hutaweza.

Bi Mkubwa Cumbria:
Chukua kwa mwaka mmoja, na yule wa zamani akae pembeni yako miezi ya mwanzo.

Mwanatanga:
Nachukua. Mkutano Alhamisi. Mume wangu hesabu anaziweza, atanisaidia. Mwenye fomu ya Excel ya mapato na matumizi ya ukumbi anitumie jamani.

Mgeni Bristol:
Samahani nimechelewa sijasoma yote, mwenye viza ya mwanafunzi anaruhusiwa kujitolea?

Kaka wa Eldoret:
Kusaidia charity bila mkataba sawa. Ila ukipangiwa zamu na majukumu kama mfanyakazi, wanaihesabu kwenye zile saa 20 za kazi kwa wiki anazoruhusiwa mwanafunzi wakati wa masomo, kwa hiyo ulizia chuo kwanza.

Dereva wa Shropshire:
Mwanatanga nimekutumia fomu inbox. Karatasi ya pili ni ya bili ya kupasha joto ukumbi, anza na hiyo, ndiyo inayoua kumbi.