Hita ya bafuni imekufa katikati ya ukarabati, ninunue ipi? (Dodoma)

Mzee wa Area C:
Wakuu, heshima kwenu. Nakarabati nyumba ya zamani hapa Area C, ya enzi za CDA, ile mamlaka ya zamani ya kuustawisha mji. Vigae vya bafu vimeshabanduliwa, mabomba yako nje, ndipo fundi akaniita nione hita. Ya lita 80. Alipoitikisa ikalia kama debe la kokoto. Akachomoa koili: imevaa gamba jeupe, nene kama muhogo uliopakwa chokaa. Chini ya tangi tukakomba magamba karibu nusu ndoo. Huenda ndiyo maana LUKU ilikuwa inakimbia, na mimi namsingizia mpangaji wa uani na pasi yake!

Tuko wanne, pamoja na mama yangu, miaka 78, anayeoga saa kumi na moja alfajiri hata Julai upepo ukivuma. Fundi anasema nifunge shawa ya kupasha papo hapo. Muuza duka anataka nichukue ya lita 100. Mke wangu anataka sola. Nisaidieni kabla vigae havijarudi.

Fundi Nkuhungu:
Mkuu, anza na waya. Shawa ya kilowati 5.5 inavuta ampia 24. Kama bafuni una waya wa 2.5 (milimita za mraba), usijaribu. Vuta wa milimita 6 kutoka kwenye mainswichi, uwe na breka yake, na ethi, waya wa ardhini, usiiruke. Ukuta ukiwa wazi ni kazi ya asubuhi moja.

Mama Wawili Ilazo:
Mimi nina sola ya mirija ya kioo, mwaka wa nne huu. Jua tunalo, shida ni masika mawingu yakikaa siku mbili. Na haya maji yetu ya visima yana chumvi, hayachagui umeme wala sola. Mirija yangu nimeshaisafisha mara tatu.

Kisasa Juu:
Shikamoo mzee. Ukubwa wa nini? Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 ni kama uniti 2.3 za umeme, lita 100 ni mara mbili yake. Maji yakizidi kuwa moto ndivyo gamba linavyoshika, kwa hiyo usivuke 60. Ndani kuna fimbo ya magnesiamu inayoliwa na kutu badala ya tangi. Ifungue kila mwaka uiangalie. Sasa usikubali fundi aifiche hita juu ya dari, utaifunguaje?

Mzee wa Area C:
Marahaba, ahsanteni. Nimechukua ya lita 50, itakaa nyuma ya mlango, mfuniko unaangalia nje. Waya wa milimita 6 nao nimeuvuta, huwezi jua.

Jana nimemuuliza mama anatumia maji kiasi gani. Kanicheka. Anakinga nusu ndoo ya moto, anajaziliza ya baridi, basi. Shawa hajawahi kuifungua tangu ahamie kwangu, anasema inamtia maji masikioni.