Prado ya maili 168,000, na namba ya injini

Mtoto wa Wete, Leicester

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Leo dada yangu karudishwa ofisini mara ya tatu. Gari aliyoipeleka kaka bado imelala bandarini, na sababu ni moja tu: namba iliyogongwa kwenye injini siyo iliyoandikwa kwenye V5, kadi ya usajili wa gari ya Uingereza. Aliyemuuzia hakumwambia kama injini ilibadilishwa, na kaka hakufungua boneti akalinganisha. Kila siku inayolala pale ni pesa.

Sasa mie namtafutia Baba gari ya kuendea shamba. Nimepata Toyota Prado, dizeli ya 3.0 D-4D ya 2008, maili 168,000, iko Coventry. Muuzaji kasema wazi kuwa injini ilibadilishwa miaka ya nyuma, na V5 bado ina namba ya zamani. Nauliza mawili. Gari ya maili nyingi kama hii nikague nini? Na ile namba, nirekebishe kwanza DVLA, ofisi ya usajili wa magari huku, au nyumbani wanatazama chesisi tu?

Fundi, Barking

Waalaykumu ssalaam. Kwanza elewa kitu: maili 168,000 ni za gari, si za injini. Injini iliyotiwa inaweza kuwa na maili 60,000 au 200,000, na kibao cha dashibodi hakijui. Dai risiti ya gereji iliyoitia, na uulize ilitoka gari gani.

Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, ujue ameipasha makusudi, na injini ya dizeli yenye maradhi huyaonyesha ikiwa baridi. Iwashe mwenyewe, mtu mwengine asimame nyuma atazame moshi. Moshi mweupe usiokwisha au mlio wa kugonga kama nyundo, rudi zako.

Injini hizi za 3.0 zinajulikana kwa sili za injekta. Zikivuja, masizi yanaingia kwenye oili, yanaziba chujio lililo ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili haipandi, na kinachokufa mwanzo ni tabo (turbo). Uliza sili zilibadilishwa lini, na sampu ilifunguliwa au la. Vua kifuniko cha oili: ukiona ute kama chai ya maziwa, huenda maji yameingia. Halafu mkanda wa taiming. Kwa maili hizo ulikuwa ubadilishwe zamani, na taa ya T-BELT inayokumbusha kuubadilisha inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa. Risiti tu, maneno usiyapokee.

Mwisho lala chini na tochi. Huku wanamwaga chumvi barabarani kila baridi, na chesisi za Prado zinaliwa khasa kule nyuma, juu ya eksili. Gonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya boksi. Ukikuta imepakwa rangi nyeusi mpya chini kote, jiulize inaficha nini.

Ammi, Toronto

Mwanangu, Toyota ni Toyota. Hiyo injini ina cheni, haina mkanda, usitiwe khofu. Nimeendesha gari huku miaka ishirini na sita na kutu nnaijua. Sie kila mwaka kabla ya theluji tunapulizia mafuta chini ya gari. Muulize kama alipulizia.

Fundi, Barking

Shkamoo Ammi. Kwa heshima yako, usimpoteze kijana. Yenye cheni ni 2.8 iliyokuja 2015. Hii 3.0 ina mkanda, nimeufungua kwa mikono yangu si mara moja. Ukikatika, vali zinagonga pistoni na hapo hamna injini tena.

Ammi, Toronto

Sawa, nimekubali la cheni. La kutu nalishikilia.

Mama Watatu, Milton Keynes

Jamani, mbona hakuna aliyemtajia historia ya MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka huku Uingereza? Ni bure, unatia namba ya gari tu. Mie niliwahi kupenda gari moja, kibao kinasoma maili 84,000. Kutazama MOT, miaka miwili nyuma ilikuwa 121,000. Nilikuwa nishatoa pesa benki, watoto washachagua viti vyao. Nililia njia nzima kurudi nyumbani, lakini nilirudi na pesa zangu.

Soma na zile advaizari, yaani maonyo ya mkaguzi, mwaka kwa mwaka. Kutu ikitajwa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu ghafla haitajwi, huenda imechomelewa vizuri, au imepakwa tu. Na fanya HPI, ukaguzi wa kujua kama gari inadaiwa, maana gari ikiwa na deni unaweza kunyang'anywa hali pesa umelipa. Ukipita nayo London, hiyo ni dizeli ya kabla ya Euro 6, kipimo cha moshi cha Ulaya, na ULEZ, tozo ya London kwa gari zinazochafua hewa, ni pauni 12.50 kwa siku. Usiipeleke kumuonyesha shangazi.

Mkaazi, Wete

Nanyi mnaongea kama gari itabaki huko. Sie huku tunatazama mengine. Tia foo-wili ya gia ndogo mbele ya muuzaji, uhakikishe inaingia na inatoka. Wengine huko hawajaigusa tangu wainunue, imeganda. Njia ya Ngezi kwendea Kigomasha wakati wa masika haitaki gari ya kuoshwa Jumapili. Tazama mipira ya drifshafti, bushi, na shokapu. Na zile springi za upepo za nyuma, kama inazo, mwambie aizime usiku, asubuhi utazame imekaa vipi. Ikiwa imelala nyuma, upepo unavuja. Huku tunazitoa tunatia za chuma.

Jengine, kibao ni cha maili. Mwandikie Baba kwenye karatasi, maana fundi akimwambia abadilishe oili kila kilomita elfu tano atahesabu maili elfu tano, na injini ndiyo itakayolipa.

Karafuu zishaanikwa, majamvi kutoka hapa mpaka Konde.

Mama Watatu, Milton Keynes

Usinitajie, yakhe. Harufu ile. Nikiwa mdogo tukirudi skuli tunapita pembezoni mwa majamvi, bibi anatupigia kelele tusikanyage. Mwaka wa kumi na moja huu sijaiona.

Kijana wa Malindi, London

Kweli mtu ahangaike hivi, alipe ushuru wote Zanzibar, halafu akitaka kuivusha gari Dar adaiwe tofauti ya ushuru kama katoka nchi ya kigeni. Kero hii tumeisikia tangu tuko wadogo.

Ammi, Toronto

Hilo limeundiwa kamati na kamati. Lakini kijana kauliza gari ya kwendea shamba Pemba, haivuki kwendea popote. Tusimtoe kwenye njia.

Mtoto wa Wete, Leicester

Ahsanteni nyote, Mungu awalipe. Nimetazama MOT: maili zinapanda sawa kila mwaka, kutu imetajwa 2021 na 2022, baadaye kimya. Risiti ya injini anasema ataitafuta. Na lile la namba kwenye V5, hakuna aliyelipitia?

Fundi, Barking

Jumamosi nina arusi hapo Leicester. Nikuchukue saa kumi na mbili asubuhi twende Coventry, nna tochi na nyundo. Mwambie asiiwashe. La karatasi mie silijui, asije mtu akakwambia nimesema Fundi.

Mkaazi, Wete

Baba nimemuona leo baada ya Alasiri. Kashasafisha banda la nyuma na kung'oa mpapai ili gari ipate pa kugeuzia.