Kiwanja cha tenisi Kigoma kimegeuzwa uwanja wa harusi, watoto wanafukuzwa kama wezi

Wakuu, salaam. Jambo hili ninalo moyoni tangu Jumamosi, na nimeamua kulisema hadharani kwa kuwa wahusika nimewafuata mara tatu bila mafanikio.

Agosti 2025 Victoria Mboko wa Kanada, ambaye wazazi wake wanatoka Kongo, alitwaa taji la mashindano ya tenisi ya Montreal akiwa na miaka 18, baada ya kuwatoa nyota Coco Gauff, Elena Rybakina na, katika fainali, Naomi Osaka. Mwaka huo aliuanza akiwa nje ya wachezaji 300 bora duniani. Binti yangu wa miaka 11 alitazama marudio ya fainali hiyo kwenye simu yangu hadi chaji ikaisha, na tangu siku hiyo hana wimbo mwingine ila tenisi.

Lakini kinachoniuma zaidi ni hiki. Julai 2022, katika fainali ya wasichana ya wawili wawili kwenye mashindano ya tenisi ya Wimbledon, Uingereza, huyo huyo Mboko na mwenzake Kayla Cross walifungwa na Angella Okutoyi wa Kenya, aliyecheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Okutoyi alilelewa na bibi yake jijini Nairobi, na sehemu ya utoto wake alifundishwa katika kituo cha Shirikisho la Kimataifa la Tenisi kilichokuwa Bujumbura. Ni Bujumbura hii hii ambayo mizigo yake hupakiwa kwenye bandari yetu! Ziwa ni moja, maji ni yale yale, ila wenzetu walimfungulia mtoto mlango, sisi tumetia kufuli.

Kiwanja kipo, tena cha saruji, na wavu ulikuwepo. Nilimlipia binti yangu ada ya miezi mitatu, na risiti ninayo. Jumamosi tulipofika tulikuta mafundi wa turubai wametoboa sakafu mashimo manne ili kusimika nguzo, moja likiwa juu kabisa ya mstari wa nyuma, na wavu umekunjwa chini ya rundo la viti vya plastiki. Nilipouliza, niliambiwa, "Mzee, kiwanja ni cha wanachama, hao watoto wakacheze mpira wa miguu." Binti yangu alikuwa amesimama pembeni yangu akiwa ameshika raketi ambayo nyuzi zake mbili nilizifunga kwa mshipi wa kuvulia, na maneno hayo aliyasikia yote.

Sasa anacheza barabarani kule Mwanga na wenzake watano, wakiwa wamefunga wavu chakavu wa dagaa kati ya miti miwili, kwa mpira mmoja ulioisha manyoya. Pikipiki ikipita, wanashusha wavu. Mtoto wa umri huo hahitaji hata kiwanja kizima chenye urefu wa mita 23.77, kwa sababu ipo mipira laini iliyotengenezwa kwa ajili ya viwanja vidogo. Anahitaji sakafu isiyo na mashimo na mtu mzima asiyemfukuza.

Ninadai mambo mawili: mashimo yazibwe, na watoto waliolipiwa wapewe saa zao za jioni zilizoandikwa kwenye risiti. Barua yangu ilipokelewa na kugongwa muhuri Jumatatu, na nakala ninayo. Nasubiri jibu la maandishi.