Nipige vipi picha ya mbuyu ili ukubwa wake uonekane?

Muuliza swali, Tabata
Habari zenu, ndugu zangu. Mwezi wa nane nilisafiri kutoka Dar es Salaam hadi Hifadhi ya Taifa ya Tarangire kwa ajili ya mibuyu tu, nikarudi na picha zaidi ya mia mbili ambazo hakuna hata moja ya kutundika ukutani. Nilipiga kati ya saa 5 na saa 9 mchana kwa lenzi pana ya milimita 24. Anga imetoka nyeupe, mashina yametoka meusi, na mti ambao watu sita wasingeweza kuukumbatia unaonekana kama mwembe wa uani. Nilikosea wapi?

Mjibu wa kwanza, Mbezi
Pole, ndugu yangu. Kwanza ni saa. Jua la utosini halichori gome, na gome ndilo sura ya mbuyu. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda wima, kwa hiyo mwanga laini wa pembeni haudumu hata saa moja baada ya mapambazuko. Uwe langoni linapofunguliwa. Ukiupata mwanga huo, tazama shina kwenye usawa wa kichwa cha tembo. Utaona mahali ambapo pembe zimechubua gome wakati wa kiangazi, tembo wakitafuta maji yaliyomo ndani ya mti, na kando ya kidonda utaona gome jipya, nene na laini, likikifunika taratibu. Miti mingi hufa ikichunwa gome kuzunguka shina, lakini mbuyu huliotesha tena. Kwangu mimi picha moja ya kovu hilo ina thamani kuliko kumi za machweo.

Kuhusu ukubwa, ukiusogelea mti ukitumia lenzi pana unalazimika kuinua kamera juu, na shina linaonekana limeangukia nyuma. Mwombe dereva asogee mbali, tumia lenzi ya kuvuta ya milimita 100 hadi 200, kisha subiri twiga au tembo apite karibu na mti, maana jicho hupima kwa kulinganisha. Kwa kuwa hifadhini huruhusiwi kushuka garini popote upendapo, chukua kifuko cha maharage, kilaze dirishani na uegemeze lenzi hapo.

Mjibu wa pili, Kunduchi
Naongeza kwamba si lazima usubiri safari nyingine ya kaskazini. Kuna mibuyu kwenye magofu ya hapa Kunduchi na ya Kaole, Bagamoyo, ambayo unaweza kuirudia asubuhi baada ya asubuhi mpaka mkono uzoee. Ukikuta mbuyu kijijini umefungwa vitambaa, waone wazee kwanza na uombe ruhusa, kwa sababu hapo ni mahali pa tambiko, na picha iliyopigwa bila idhini ni kuwavunjia heshima.

Muuliza swali, Tabata
Nawashukuru sana. Je, nirudi wakati mti una majani?

Mjibu wa kwanza, Mbezi
Kwa umbo la matawi, kiangazi hakina mpinzani. Lakini kuelekea mvua za vuli, utafute mbuyu wa huko mjini wenye vitumba vinavyoning'inia, ukae chini yake tangu magharibi. Maua yake meupe hufunguka giza likiingia, popo huja kuyanyonya, na kesho yake yanaanza kunyauka. Nenda na stendi ya kamera na tochi hafifu.